Mkaguzi wa Furaha

Katika maneno yote ya Kiingereza niliyofundishwa, hakuna ninalolidharau kama neno lao la furaha, "happy", ambalo wajukuu zangu sasa wanaliandika hepi na kulichora juu ya keki. Sina ugomvi na furaha yenyewe. Mwenyezi Mungu amenipa ya kunitosha, na nyingine alinipa wakati sikustahili. Ugomvi wangu ni na neno, na hasa na mtu mmoja aliyezunguka nalo Nyanda za Juu katika miaka ya hamsini, akiwapima watu kwalo kama mnunuzi wa ngozi anavyopima ngozi.

Nilizaliwa Mlandege, Iringa, katika nyumba ya fundi cherehani. Baba alikuwa wa ukoo wa watu wa pwani waliokuja bara na biashara wakashindwa kurudi, au hawakutaka. Mama alikuwa Mhehe wa Kihesa aliyesilimu alipoolewa. Kwa hiyo barazani tulisema Kiswahili na jikoni tulisema Kihehe, na mtoto aliyekosea mlango alichekwa. Asubuhi nilikwenda shule ya serikali. Alasiri nilikaa kwenye mkeka mbele ya mwalimu wa chuo cha Kurani, mzee mkali mwenye jicho moja zima, ambaye pamoja na kusoma alitufundisha jambo moja ambalo sikujua kwamba litakuja kunigharimu kazi. Alisema mtu akiulizwa hali, la kwanza kutoka kinywani ni kumshukuru Mungu. Shida, kama ipo, itafuata. Anayeanza na shida amemshitaki Muumba wake mbele ya mgeni.

Mama, ambaye hakusoma chuo chochote, alikuwa akijua hilo tangu kwao. Na Wabena, na Wasafwa, na Wanyakyusa, wote niliokuja kukaa nao, walilijua. Habari za nyumbani? Njema. Za watoto? Njema. Za mama? Njema, ila tumemzika juzi. Hakuna aliyeona ajabu. Neno la kwanza halikuwa la muulizaji. Lilikuwa la Mungu. Muulizaji alipewa lake baada ya hapo, na akiwa mtu mwenye malezi alilisubiri.

Nilipata Kiingereza cha kutosha kuajiriwa Mbeya, katika ofisi moja ya serikali, kuwa mkalimani wa mkaguzi aliyezungukia mashamba ya wazungu kutazama hali za wafanyakazi. Mkaguzi huyo alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye masikio yaliyokuwa mekundu kwa baridi ya Mbeya kuanzia Mei hadi Agosti. Alikuwa amehamishwa kutoka nchi nyingine waliyokuwa wakiitawala, na alijua maneno ya nchi ile kuliko ya kwetu. Kiswahili chake kilikuwa chai, upesi, kesho, hapana, na furaha. Hilo la mwisho aliniuliza siku ya kwanza ya kazi, akaliandika kwenye kijidaftari, na tangu hapo alilisema mara kwa mara kama mtoto aliyepewa filimbi.

Sitaki kumsingizia. Hakuwa mkatili. Hakumpiga mtu wala kumtukana mtu. Alikuwa msomi, na usomi wake ulikuwa wa maneno. Ofisini alikuwa na kamusi nene kama matofali mawili ya kuchoma, na tukienda safari ilikaa kiti cha nyuma cha Landrova, imefungwa blanketi, karibu yangu. Barabara ile ya kutoka Mbeya kwenda Iringa ilikuwa vumbi na mashimo, na kila tulipoingia shimo kubwa aligeuka kutazama kama kamusi imeumia.

Siku moja tukipanda milima alinifundisha historia ya neno hilo. Nasimulia nilivyoelewa. Alisema zamani sana, kabla neno halijaingia moyoni, lilikuwa nje, barabarani. Mzizi wake ulikuwa na maana ya bahati, kitu kinachomwangukia mtu bila yeye kukitafuta, kizuri au kibaya. Baadaye likabaki na upande mzuri tu. Mfalme aliyeshinda vita aliitwa kwa neno hilo, hata kama alikuwa analia, kwa sababu bahati ilimwangukia. Jibu lililosemwa vizuri na kwa wakati wake liliitwa hivyo pia. Miaka mingi ikapita, neno likalegea taratibu kutoka kwenye bahati ya mtu hadi kwenye anavyojisikia, hata siku hizi, alisema, mbwa aliyelala kwenye zulia huweza kuitwa hivyo. Kisha akaniambia, kwa fahari, kwamba neno lao la "labda" limetoka kwenye mzizi uleule, na neno lao la ajali vilevile.

Nilimsikiliza kwa adabu. Moyoni nilistaajabu. Furaha, labda na ajali, watoto wa mama mmoja. Watu waliookota furaha yao njiani kama kofia iliyoangushwa na mlevi ndio waliotuletea mkaguzi wa furaha yetu. Sisi pale mkekani kila neno lilikuwa na kwao. Raha ni ya mwili. Mtu huipata akivua viatu vinavyobana. Furaha huja na kuondoka. Hata kuku huipata ukimmwagia mtama. Heri ni jambo zito, haipatikani kwa kuokota, na mwenye nayo huenda asijue kuwa anayo. Na shukrani haiulizi habari ya hayo yote. Hutolewa na mwenye homa, hutolewa na aliyefiwa, na ndiyo pekee ambayo mtu anaweza kuiahidi kwa kesho.

Nikamwuliza, "Bwana, kati ya ile ya zamani ya bahati na hii ya sasa, sisi tunakagua ipi?"

Alicheka sana. Akasema ya sasa, maana ndiyo iliyo kwenye fomu.

Fomu ilikuwa na mistari ya posho, nyumba, dawa, na mstari wa mwisho, mfupi kama kidole, uliouliza kama wafanyakazi wana furaha. Hiyo mingine aliijaza mwenyewe akisimama na mwenye shamba na kusoma karatasi za mwenye shamba. Huo wa mwisho tu ndio uliokuwa wa wafanyakazi. Alikuwa na haraka nao. Neno moja lilitosha.

Sasa nifike kwenye shamba lenyewe. Lilikuwa shamba la pareto juu milimani, upande wa Mbeya, mahali ambapo ukungu haukuondoka mpaka saa nne asubuhi. Sitalitaja jina. Kambi ya wafanyakazi ilikuwa bondeni, kando ya kijito. Juu ya kambi, mwenye shamba alikuwa amejenga josho la ng'ombe wake, na maji ya josho, yenye dawa ya kuulia kupe, yalipomwagwa yaliteremka hadi kwenye kijito ambacho kambi nzima ilikunywa. Juu zaidi, karibu na nyumba kubwa, kulikuwa na chemchemi safi. Hiyo ilikuwa na bomba, na bomba lilikwenda kwenye bustani ya waridi.

Mzee wa kambi alikuwa Mbena, mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu wa miaka sitini hivi, mwenye mikono iliyopasuka kwa pareto mpaka ikafanana na gome la mti. Wenzake walikuwa wamemchagua aseme kwa niaba yao mkaguzi akija, na walikuwa wamekubaliana atasema neno moja tu: waruhusiwe kuvuta bomba kutoka chemchemini. Watoto wa kambi walikuwa wakiharisha. Makaburi mawili madogo yalikuwa tayari yamechimbwa kando ya mkaratusi.

Mimi sikujua lolote kati ya hayo tulipofika. Wafanyakazi walikuwa wameketi juu ya magunia mbele ya nyumba ya kukaushia maua. Mkaguzi akasimama na fomu yake. Nikamwuliza mzee kama nilivyoagizwa: Bwana Mkaguzi anataka kujua, je, mna furaha hapa?

Mzee akavua kofia.

"Kamwene, Bwana," alisema, akianza na salamu ya kwao. "Tunamshukuru Mungu aliyetuamsha. Sisi ni wazima. Tuna furaha kubwa kukuona umefika salama kwa barabara hii mbaya. Tunauliza hali ya mama watoto wako, na watoto, huko ulikowaacha."

Akanyamaza. Yeyote aliyelelewa kwetu angejua unyamavu ule ulikuwa wa nini. Ni ule wa mtu aliyepiga hodi, anangoja akaribishwe ndani. Mgeni alipaswa kujibu, nyumbani hawajambo, asante, kisha mzee angekohoa, na baada ya kikohozi lingekuja jambo.

Lakini mkaguzi alikuwa amesikia neno alilolijua. Uso wake uling'aa. "Furaha kubwa," alirudia, akaandika, akafunga kalamu.

Nilimwambia mkaguzi kwamba mzee hajamaliza.

"Amenijibu," alisema. "Nimemsikia mwenyewe."

Mwenye shamba alimshika kiwiko wakaenda kunywa chai. Alikuwa akimwambia, wakiondoka, kwamba watu wake wana furaha kupita kiasi, huimba tangu asubuhi. Ni kweli waliimba. Mtu anayechuma maua kwenye ukungu wa Juni huimba ili vidole visife ganzi. Mwenye shamba alikuwa amesikia nyimbo zile miaka minane na hakuwahi kuuliza zinasema nini. Mzee alibaki amesimama na kofia mkononi, kinywa kikiwa tayari kukohoa.

Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Ningeweza kupaza sauti. Nilikuwa kijana mwenye suruali ya serikali, nikaona si kazi yangu kumfundisha mzungu kusubiri. Dharau niliyonayo kwa mkaguzi haijapata kuzidi ile niliyonayo kwa kijana yule.

Wakati wakinywa chai nilishuka kijitoni kunawa. Wanawake watatu walikuwa wakichota. Mmoja, mnene, mwenye mtoto mgongoni, akanitazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Wewe mkalimani, bwana wako anakunywa chai ya maji ya wapi?"

Nikasema ya nyumba kubwa.

"Ndiyo maana ana furaha. Mlete huku tumpikie na sisi."

Wenzake wakacheka, kisha wakaacha kucheka, wakanionyesha josho, wakanionyesha mkaratusi na yaliyo chini yake. Nilirudi mbio. Ndani ya gari nilimweleza mkaguzi yote. Alinisikiliza kwa upole wake ule wa kukera. Akafungua fomu, akaniwekea kidole juu ya mstari wa mwisho. Ilikuwa imeandikwa kwamba wana furaha sana. Akasema wanawake hulalamika kila nchi, lakini msemaji wao mwenyewe amesema, na kama kuna jambo la maji litatazamwa mwaka ujao.

Miezi kadhaa baadaye nilimkuta mzee yule Mbeya mjini. Alikuwa amekuja kwenye mkutano wa wazee wa kanisa, amevaa koti lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Tulisalimiana kwa Kibena chake na Kihehe changu, maana lugha hizo ni ndugu na wasemaji wake husikilizana.

"Za safari, Mzee?"

"Njema, mwanangu."

"Za kambini?"

"Njema."

"Na wajukuu?"

"Njema. Yule mdogo wa kike tulimzika mwezi uliopita. Tumbo."

Hakuongeza neno la kunilaumu. Aliniuliza habari za mama yangu, akataka kujua kama baridi ya Iringa imepungua. Adhuhuri ile nilisimama msikitini nikasahau niko rakaa ya ngapi, nikarudia, nikasahau tena.

Mwaka uliofuata tulirudi kwenye shamba lile. Mkaguzi alipokuwa akipokewa na mwenye shamba, nilimvuta mzee pembeni ya nyumba ya kukaushia. Nikamwambia, Mzee, leo anza na maji.

Alinitazama kana kwamba nimetapika mbele yake.

"Nianze na maji? Mgeni hajaulizwa hata amelalaje? Mwanangu, mimi sijalewa."

Nikajaribu kumweleza kwamba mgeni huyu husikia neno la kwanza tu. Akasema basi ndiyo sababu zaidi neno la kwanza liwe zuri. Muda ulikuwa mfupi. Nikaona njia moja. Nikamwambia kwamba jambo zito halifai kusemwa kwa Kiswahili cha mashambani. Aseme kwa Kibena, lugha aliyonyonya, nami nitalifikisha. Hilo lilimpendeza. Alinyoosha koti. Sikumwambia sababu yangu, kwamba nilitaka sikio la mkaguzi lisiokote hata punje moja.

Swali likaulizwa. Mzee akavua kofia, akaanza. Alimshukuru Mungu kwa mvua na kwa jua. Alimpa pole mkaguzi kwa barabara. Aliuliza hali ya mke wake, ya watoto wake, ya mifugo yake ikiwa anayo, ya wazee wake ng'ambo kama bado wako hai. Alimwambia kwamba kambi nzima inafurahi kumwona, kwamba walimkumbuka katika sala. Kila alipovuta pumzi mkaguzi alinigeukia, nami nilitazama mbele kama mtu anayengoja sentensi ikamilike. Mzee akanyamaza ule unyamavu wake. Nikanyamaza naye. Jogoo aliwika nyuma ya nyumba. Mwenye shamba alitazama saa. Mzee, kwa kuwa hakuna aliyemkaribisha, akajikaribisha mwenyewe: akakohoa, akasema lile jambo.

Ndipo nikafungua kinywa. "Anasema maji wanayokunywa yana dawa ya josho, na yameua watoto wao watano. Wanaomba bomba kutoka chemchemini."

Mkaguzi alinikazia macho. "Amesema muda mrefu sana kwa maneno hayo machache."

"Husema polepole, Bwana."

Mwenye shamba alianza kusema habari za nyimbo. Lakini fomu haikuwa na mahali pa kuandika nyimbo, na mkaguzi safari hii hakuwa amesikia neno lake. Alisimama na kalamu hewani, kama mtu aliyeambiwa kuna ngazi akakosa ya mwisho. Nitampa haki yake: alishuka mwenyewe mpaka kijitoni. Alichuchumaa, akachota kwa kiganja, akanusa, akamwaga, akafuta mkono kwenye suruali mara tatu. Hakuonja. Watu wazima na watoto mia moja walikuwa wakionja kila siku, na yeye mwenye kamusi aliogopa hata kulowa. Lakini alipopanda alimwambia mwenye shamba kwamba bomba liwekwe kabla ya miezi miwili kwisha, au ataandika mambo ambayo hayatapendeza. Mstari wa mwisho wa fomu aliuacha wazi. Njia nzima ya kurudi hakunifundisha neno lolote.

Bomba liliwekwa. Nilipopata likizo nilipanda lori la viazi nikaenda kuona kwa macho yangu, maana siku hizo niliamini kidogo sana mambo yaliyoandikwa. Maji yalikuwa yakitoka. Yule mama mnene aliniita kwa mbali kwamba nije ninywe, nisije nikasema sikukaribishwa. Nilikunywa, nikamhimidi Mungu, na nakiri nilijisikia mtu mkubwa.

Mzee alinikaribisha kwake, akaniwekea kigoda, tukasalimiana mpaka salamu zikaisha. Kisha akauliza mkaguzi alisemaje aliposikia kwamba wanamwombea.

Ningeweza kusema uongo. Nilimwambia kweli, tena kwa majivuno, kama fundi anayeonyesha alivyotega mtego: kwamba zile salamu sikuzifikisha, nilizishikilia, nikapeleka maji peke yake, na ndiyo maana bomba liko pale.

Aligeuka akalitazama bomba. Nilidhani ananisifu moyoni.

"Kwa hiyo yule mzungu anajua kwamba mimi nilisimama mbele yake, mgeni wangu, nikamrukia na shida zangu kama mbwa."

"Mzee, maji yametoka."

"Nayaona. Nayanywa. Mungu akulipe kwa maji." Alisema hivyo kwa dhati. "Lakini salamu zilikuwa zangu. Wewe ulikuwa mchukuzi. Mchukuzi hafungui mzigo akachagua cha kufikisha."

Nikamwambia mtu yule hastahili salamu. Nikamweleza habari ya neno lake, jinsi lilivyotokana na bahati, jinsi anavyolipima kwa watu. Nilisema kwa ufasaha. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sikumsalimu kwa sababu anastahili," alisema. "Kwetu kanisani tunaambiwa hata anayelia anaweza kuwa mwenye heri. Hayo ya kustahili simjui anayeyapima. Nenda kamfikishie."

"Nikimfikishia atajua nilificha. Nitafukuzwa."

"Huenda."

Nilikasirika nikateremka mlima bila kungoja lori. Nilikuwa nimemsaidia, naye ananituma nikajinyonge kwa ajili ya adabu. Lakini kadiri nilivyotembea ndivyo nilivyomsikia mwalimu wangu wa chuo, na jicho lake moja. Alikuwa ametufundisha kwamba ukipewa salamu umfikishie mtu, ukakubali, hiyo ni amana kama fedha au binti wa watu, na utaulizwa. Mimi nilikuwa nimekubali. Nilikuwa nimemwambia mzee kwa kinywa changu, sema kwa Kibena, nitafikisha. Mlutheri alikuwa amenikumbusha dini yangu, na hakuwa amekosea hata herufi.

Jumatatu nilisimama mbele ya meza ya mkaguzi. Nikasema ninazo salamu zake zilizochelewa. Nikazitoa zote, kwa Kiingereza kizuri kadiri nilivyoweza: shukrani kwa mvua na jua, pole ya barabara, mke, watoto, mifugo ikiwa anayo, wazee wa ng'ambo, sala za kambi, na furaha yao kumwona. Alikuwa ameegemea kiti. Nilipofika kwa wazee wa ng'ambo alitazama dirishani.

Akauliza yalisemwa lini. Nikamwambia.

Alifungua saraka akatoa nakala ya ile fomu. Nilimwona akitazama ule mstari aliouacha wazi. Hata siku ile, baada ya hayo yote, mkono wake ulitafuta kalamu.

"Kwa hiyo walikuwa na furaha," alisema.

"Hapana, Bwana. Walikuwa wakikusalimu."

Aliweka kalamu chini. Hakupandisha sauti. Alisema mkalimani anayeamua kipi kipite na kipi kibaki hawezi kukaa katika ofisi yake, maana hatajua tena anasikia nini. Hapo alisema kweli, isipokuwa kwamba alidhani kabla ya siku ile alikuwa akijua. Aliniandikia barua fupi ya kuachishwa, yenye heshima. Sikuomba abadili. Nilimshukuru kwa Kiingereza chote nilichojifunza kwake, naye akaonekana kufurahi kwamba nimeshukuru, na nilijua ameelewa vibaya tena, lakini sikuwa mkalimani wake tena, na si mimi wa kumweleza.

Nilirudi Mlandege kwenye cherehani ya baba, baadaye kwenye mkeka wa mwalimu wangu alipofariki, na hapo ndipo nilipokaa maisha yangu yote. Sijajuta. Nimeshona kanzu za watu wema na za wanafiki, zote kwa sindano ileile. Kiingereza nilikiacha kikaota kutu.

Kabla sijaondoka Mbeya nilimpa dereva wa lori la viazi ujumbe kwa mzee: salamu zimefika, zote, hakuna iliyopotea. Dereva huyo alikuwa na safari za Iringa pia, na baada ya majuma manne alisimamisha lori mbele ya duka letu, akashuka, akaniletea jibu kama alivyolipewa. Wote hawajambo, alisema. Mzee anamshukuru Mungu, anauliza hali ya mama yangu wa Kihesa. Bomba lilipasuka kwenye kona, karibu na waridi, na mwenye shamba hakutaka kulitengeneza, kwa hiyo wamelifunga wenyewe kwa mpira wa baiskeli, na linavuja kidogo, lakini maji yanafika.